Laptopu inafika kwenye nembo halafu skrini ya bluu, inajizima na kujiwasha yenyewe. Msaada wakuu

MamaStesheneri
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Nina kastesheneri kangu hapa Morogoro, tunataipu, tunaprinti, tunatoa kopi na kubandi ripoti za vijana wa chuo, na kazi zote ziko kwenye laptopu moja tu ambayo tangu juzi Jumamosi usiku imenigomea. Ukibonyeza kuwasha inawaka vizuri, feni inazunguka, nembo ya kampuni inakuja, vile vidoti vinazunguka mara 3 au 4 hivi, kisha paa, skrini ya bluu yenye kile kiuso kilichonuna, inaandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inahesabu asilimia, inajizima, inajiwasha, wimbo ni uleule. Mara nyingine inasema inajitengeneza yenyewe, inakaa hapo dakika 5 halafu inasema imeshindwa.
Sijaiangusha, haijamwagikiwa na maji, mtoto hajaigusa. Kampuni ya laptopu sitaji maana humu mnapenda kuanzisha ligi ya mashabiki.
Kinachoniumiza ni kwamba kuna mteja kanipa ripoti yake ya utafiti kurasa 90 na ushee nimpangie majedwali na orodha ya yaliyomo, nimemaliza, anatakiwa kukabidhi Alhamisi, na hiyo iliyomalizika iko humo ndani, aliyonayo yeye kwenye fleshi ni ile ya zamani. Nimeanza kumkwepa simu. Naombeni msaada.

Kibonge Mtaratibu
Piga Windows upya. Saa moja umemaliza.

MamaStesheneri
@Kibonge Mtaratibu na ile kazi ya mteja itakuwa wapi nikipiga upya?

Kibonge Mtaratibu
Hapo sasa 😅 ulipaswa uwe na bakapu dada.

Mjukuu wa Bibi
Mimi yangu ilikuwa hivyohivyo, tatizo lilikuwa RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Fungua mfuniko wa chini, chomoa kile kibao cha RAM, chukua kifutio cha penseli sugua meno yake ya dhahabu taratibu, futa vumbi, rudisha mpaka isikike ta, washa. Ilipona hapohapo mpaka leo.

Chuma Chakavu
@Mjukuu wa Bibi kifutio ni dawa nzuri sana lakini siyo kwa ugonjwa huu. RAM ikikorofisha mara nyingi hata nembo huioni, skrini inabaki nyeusi, au taa ya Caps Lock inakonyeza kwa mpangilio fulani, au inapiga milio. Hii ya dada inafika mpaka Windows inaanza kuamka kabisa, halafu inasema haioni diski iliyolalia. Kwa hiyo ni diski au njia ya kufikia diski.
Dada MamaStesheneri kwanza USIPIGE WINDOWS, na usimpe fundi yeyote anayesema "niachie hapa uje jioni" kabla hujaokoa kazi yako. Tafuta mtu mwenye kompyuta nzima, akutengenezee fleshi ya Ubuntu (mfumo wa bure kama Windows, unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi), fleshi ya GB 8 inatosha, iwe tupu maana itafutwa yote. Chomeka kwenye laptopu yako, washa huku unagonga kitufe cha menyu ya kuchagua pa kuanzia, kwa wenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9 au Esc kwanza. Ukichagua fleshi itakuja na maandishi ya kuinstoli au kujaribu tu. Wewe chagua KUJARIBU. Ikishafunguka unaingia kwenye faili kama kawaida, unakopi ripoti ya mteja kwenye fleshi nyingine, mengine yanasubiri. Tena mara nyingi mimi huwa nafanya hivi kabla hata sijauliza mgonjwa anaumwa nini.

MamaStesheneri
Asante kaka, kuna kijana wa intaneti kafe hapa jirani kanitengenezea hiyo fleshi. Nimefanya ulivyosema, Ubuntu imefunguka vizuri kabisa, tena haraka kuliko hata Windows yangu, kibodi inaandika, waifai inashika. LAKINI nikifungua sehemu ya faili naona fleshi tu. Diski ya ndani haipo. Kabisa. Kijana naye kaangalia, kasema "mama hii SSD imekufa, pole", yaani hiyo diski ya ndani.
Nimekaa kwenye benchi mbele ya duka nimeishiwa nguvu.

Kibonge Mtaratibu
Duh. Pole sana.

Mjukuu wa Bibi
SSD zikifa hazigongi hodi, haziliagi tak tak kama zile diski za zamani, inakufa kimya. Pole dada, kwa hiyo ndo kazi imeenda?

fundi_redio
Ngojeni kwanza msimzike mtu anapumua.
Mama, SSD iliyokufa haiwezi kukufikisha kwenye skrini ya bluu. Ile skrini ya bluu yenyewe ni Windows, na Windows iko kwenye hiyohiyo SSD mnayosema imekufa. Ingekuwa imekufa ungeona maandishi meupe kwenye giza kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, basi, ungeishia hapo. Kwa hiyo diski inasomeka mwanzoni, na Windows ikishaanza kujitegemea ndiyo inaipoteza, na Ubuntu nayo haiioni. Hiyo kwangu ina harufu ya kitu kimoja ila sitaki kukisema kabla hujanijibu.
Wiki hii kuna mtu yeyote aliyeifungua hiyo laptopu au kubadilisha kifaa chochote? Betri yake inakaa na chaji? Jumamosi usiku kabla haijagoma kulitokea nini hasa, ilizimwaje? Na saa, ile saa ya chini kulia, huwa inasoma sawa?
Halafu hilo la kuficha model... mficha uchi hazai mama yangu.

MamaStesheneri
Model nimekutumia PM baba, kwa heshima yako 🙏
Haya majibu. Alhamisi iliyopita alikuja fundi hapahapa dukani, akatoa ile diski nzito ya zamani akaniwekea SSD nyembamba kama kipande cha Big G, akapiga Windows mpya, akanihamishia kazi zangu, nikamlipa, mashine ikawa inaruka. Ijumaa nzima na Jumamosi nzima nimefanya kazi raha mustarehe.
Betri haina. Yaani haipo kabisa, ilivimba mwaka jana mpaka ikainua pale pa kuchezeshea mausi, nikaambiwa nisiitumie itakuja kulipuka, ikatolewa. Natumia umeme wa ukutani moja kwa moja, na chaja haichomolewi usiku wala mchana.
Jumamosi usiku umeme ulikatika. Ulirudi kama saa 4 hivi, nikawasha ndo ikaanza hayo mambo. Ilileta kwanza maandishi fulani kuhusu saa, nikabonyeza F1 kama ninavyofanyaga siku zote.
Saa ndiyo, hiyo mbona ya kitambo, kila umeme ukikatika inarudi mwaka 2016, unakuta hata mtandao haufunguki, kila tovuti inasema si salama, mpaka niirudishe tarehe. Nimeshazoea, sikuona kama ni tatizo.

fundi_redio
"Nimeshazoea" 😀 Hapohapo ndipo penye mgonjwa.
Sikiliza mama, hiyo SSD ni nzima na kazi ya mteja wako iko salama salimini. Ngoja nieleze kidogo na wengine wasome.
Ndani ya laptopu mbali na ile betri kubwa kuna kibetri kingine kidogo cha duara kama sarafu, kwa nyingi kinaitwa CR2032, volti 3, ni kilekile cha kwenye mizani ya kupimia uzito na rimoti za gari, ila cha laptopu mara nyingi kimevalishwa plastiki na kina viwaya viwili vyenye ploku ndogo. Kazi yake ni kuendesha saa mashine ikiwa haina umeme, na kwenye baadhi ya mashine ndicho kinachoshikilia mipangilio ya BIOS (ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows) isisahaulike. Siyo zote, kuna ambazo mipangilio inakaa kwenye chipu yenyewe na kinachopotea ni saa peke yake. Kikifa na betri kubwa ipo, hujui, maana kubwa inakibeba. Wewe ya kubwa ilitolewa mwaka jana. Kwa hiyo umeme ukikatika mashine yako inasahau kila kitu, inaamka kama mtoto aliyezaliwa leo, tarehe 2016, mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani.
Sasa utasema mbona umeme umekatika mara mia na ilikuwa inawaka? Ilikuwa inawaka kwa sababu Windows ya zamani ilipigwa ikiwa kwenye mpangilio wa kiwandani. Kwenye hizo laptopu za maofisini kuna sehemu BIOS inachagua namna ya kuongea na diski, RAID au AHCI, na kwa model uliyonitumia kiwandani wanaiacha RAID. Huyo fundi wako wa Alhamisi alipoweka SSD mpya nina hakika aliwasha fleshi ya Windows ikamwambia haioni diski yoyote, kama Ubuntu ilivyokuambia wewe, akaingia BIOS akageuza AHCI, ikaonekana, akapiga, akaondoka. Hakukosea, hata mimi ningefanya hivyohivyo. Ila hakuuliza kuhusu saa. Jumamosi umeme umekatika, BIOS imesahau, imerudi RAID. Windows yako mpya ina funguo za mlango wa AHCI, mtu kabadilisha kitasa usiku, sasa imesimama nje ya nyumba yake yenyewe inalia.

Chuma Chakavu
Mzee umeua. Nimejisikia vibaya, mimi nilimpa fleshi ya Ubuntu halafu sikufikiria RAID kabisa.

fundi_redio
@Chuma Chakavu hapana, bila Ubuntu yako nisingejua. Skrini ya bluu peke yake ingeweza kuwa mambo kumi.
Mama fanya hivi, taratibu. Zima kabisa. Washa huku unagonga kile kitufe cha kuingilia BIOS, yako ni F2. Usibadilishe kitu kwanza, chukua simu piga picha kila ukurasa, kila ukurasa, siku nyingine utanishukuru. Kisha tafuta palipoandikwa System Configuration, ndani yake SATA Operation. Utakuta alama iko kwenye RAID On. Hamishia AHCI. Itakutisha kwamba mashine inaweza isiwake, kubali, maana hata sasa haiwaki. Apply, toka. Ukiwa humo rekebisha na tarehe.
Kitu kimoja kabla hujagusa. Huyo fundi alipopiga Windows aliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft, ile ya kuingia na barua pepe? Maana siku hizi ukiingia kwa akaunti hiyo Windows inaweza kufunga diski kwa kufuli lake liitwalo BitLocker bila kukuuliza, na ukibadilisha mambo ya BIOS inaweza kukudai namba ndefu ya tarakimu 48. Hiyo namba huwa inahifadhiwa kwenye akaunti yenyewe, unaingia kwa simu unaikuta, mradi unakumbuka barua pepe na neno la siri. Ukiona skrini inadai hiyo namba usibonyezebonyeze, njoo hapa.

MamaStesheneri
Hakuna barua pepe, aliandika jina la duka tu na neno la siri. Naenda kujaribu sasa hivi, mkono unatetemeka.

MamaStesheneri
IMEWAKAAAAA 😭😭😭
Nilikuta kweli iko RAID On kama alivyosema mzee. Nimeweka AHCI, nikatoka, nembo, vidoti, nikafumba macho, nikasikia ule mlio. Ripoti ya mteja ipo yote kurasa 94. Kabla ya kufanya kingine chochote nimeikopi kwenye fleshi mbili na nimejitumia kwenye barua pepe. Baba fundi_redio Mungu akuongezee. Na kaka Chuma Chakavu pia. Yule kijana wa kafe nimemwita aje aone maiti yake imekaa.

Mjukuu wa Bibi
😂😂 maiti imekaa. Hongera dada.

Nuru ya Jioni
Samahani nimesoma uzi wote, mimi si fundi, nauliza tu, kwa nini asiiache kwenye RAID hiyohiyo ili umeme ukikatika hata ikisahau isidhurike?

fundi_redio
Swali zuri kuliko yote humu. Inawezekana, unaipeleka Windows kwenye safe mode, unarudisha RAID, inaamka ikiwa imevaa nguo chache inajifunza mlango mpya, mradi draiva yake ipo, ile programu ndogo inayoifundisha Windows kuongea na kifaa. Lakini utakuwa unatibu kikohozi unaacha kifua. Saa itaendelea kurudi 2016, na kibetri chenyewe kinapatikana kwa hela ya chipsi mayai na soda. Mama nunua kibetri.
Ila ukienda dukani usiseme tu "nipe CR2032", fungua kwanza uangalie, yako kuna uwezekano ina viwaya na ile ploku ndogo, na ploku zinatofautiana. Kabla ya kufungua chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 20 hivi umalize umeme uliobaki ndani. Mtu asikudanganye kuchomelea waya moja kwa moja kwenye betri ya sarafu kwa jiko la risasi, joto linaiharibu na inaweza kupasuka. Na fundi mwenye mita akupimie mpya hapohapo dukani, ikisoma volti 3 au zaidi kidogo chukua, ikisoma 2 na pointi muachie, betri za sarafu zilizokaa kwenye kabati la kioo juani miaka mitatu ni nyingi kuliko wateja.
Halafu ile betri kubwa iliyovimba umeiweka wapi?

MamaStesheneri
Iko kwenye droo ya chini, chini ya makaratasi 🙈 nilisema labda itakuja kufaa.

fundi_redio
Mama! Chini ya RIMU ZA KARATASI? Itoe leo. Usiitoboe, usiikandamize irudi bapa, usiichaji, na usiitupe jalalani kwenye moto wa taka. Iweke peke yake kwenye kopo la bati au ndoo yenye mchanga mkavu, nje, mbali na vinavyoungua, mpaka utakapopata mafundi wanaopokea betri mbovu.

Chuma Chakavu
Na UPS ndogo dada, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ukipata pesa. Bila betri kila umeme ukikatika ni sawa na kumnyonga mtu usingizini, SSD nazo hazipendi kukatiwa umeme zikiwa zinaandika. Au nunua betri kubwa mpya kabisa, hiyo ni UPS tosha.

MamaStesheneri
Nimewasikia wote. Betri iliyovimba iko nje kwenye ndoo ya mchanga, mama ntilie wa jirani kauliza napanda nini humo.
Mrejesho, Jumatano jioni. Kibetri nimepata mjini, kilikuwa na viwaya kweli, duka la kwanza walitaka kunipa cha bila waya wanasema "utafunga na gundi", nikamkumbuka mzee nikaondoka. La pili wakapima mbele yangu, 3.1. Kimefungwa, nimechomoa chaja kwa makusudi nusu saa nzima, nimerudisha, saa imesoma sawasawa na AHCI iko palepale. Mwaka mzima nilikuwa narudisha tarehe kila asubuhi kama mjinga kumbe nilikuwa naambiwa.
Mteja kachukua kazi yake leo, kaikagua kurasa zote, kalalamikia rangi ya jalada tu.

Kibonge Mtaratibu
Wakuu na mimi nisaidieni kabla uzi haujafungwa, yangu feni inazunguka skrini nyeusi, taa ya Caps Lock inakonyeza mara 3 inapumzika, mara 3 inapumzika. Nipige Windows upya?

Chuma Chakavu
😂😂😂 Kifutio mkuu. Muulize Mjukuu wa Bibi, na uanzishe uzi wako.